Sabuni ya Vingunguti na mafuta ya Ziwa Albert

Sakafu ya machinjio haisafishiki kwa maji peke yake, na Vingunguti wanalijua hilo kuliko kata nyingine yoyote ya Dar es Salaam. Ng'ombe wakishachinjwa, kupasuliwa na kuning'inizwa, kinachobaki chini ni damu, kinyesi na shahamu. Damu huondoka na mpira wa maji. Kinyesi nacho husombwa. Shahamu haiendi. Maji yakipigwa kwa nguvu huipita juu, hujikusanya vidonge vidogo vidogo na kuteleza hadi mferejini, na ule utando mweupe hubaki umeng'ang'ania, hasa kwenye vishimo vya saruji iliyochakaa. Ukiongeza presha ya mpira utarusha maji ukutani tu. Ndipo sabuni inapomwagwa, fagio gumu likapita, na maji yale yale, kwa presha ile ile, yakaondoka na shahamu yote.

Nyanda za Ziwa Albert, upande wa Uganda, zina tatizo hilo hilo kwa ukubwa unaotisha. Tangu Uganda ilipotangaza mwaka 2006 kwamba imepata mafuta ya kutosha biashara, hesabu imefika mapipa yapatayo bilioni 6.5 yaliyomo ndani ya mwamba. Yanayotarajiwa kutoka ni kama bilioni 1.4. Maana yake, katika kila mapipa kumi yaliyo chini, mawili na kitu yatapanda juu, na karibu manane yatabaki huko huko. Magazeti yetu yameandika mengi kuhusu bomba, fidia, ajira na mikopo, na yamefanya vizuri. Kuhusu yale mapipa manane sijaona tukijadiliana inavyostahili. Nasema hapa kwamba sehemu ya mapipa hayo inabaki kwa sababu ile ile inayoibakiza shahamu sakafuni Vingunguti, kwamba dawa yake ni ya jamii ya sabuni ambazo watu wetu wanazikoroga kila siku kwenye ndoo, na kwamba muda wa kuanza kuipima ni sasa, visima vikiwa bado vichanga, kuliko kungoja mpaka vizeeke.

Kwanza tuondoe picha isiyo sahihi. Wengi hudhani mafuta yametuama ardhini kama maji ya bwawa, ukitoboa unachota. Sivyo. Yamo ndani ya mwamba wa mchanga ulioshikamana, kwenye vitundu ambavyo vingi ni vyembamba kuliko unywele, vikiwa vimeunganishwa na vijia vyembamba zaidi. Kisima kikitobolewa, mafuta hupanda kwa presha ya asili kwa muda fulani, kisha presha hushuka. Hapo kampuni huingiza maji kupitia visima vingine ili yayasukume mafuta kuelekea visima vya kuzalishia; huko Tilenga, mmoja wa miradi ya mafuta ya Uganda, mpango ni kutumia maji ya Ziwa Albert lenyewe. Maji hufanya kazi kubwa, lakini nayo yana mwisho wake. Yanapopita kwenye vijia hukata mafuta vipande vipande, na mwishowe kila tone hujikuta limezungukwa na maji ndani ya kitundu chake. Ili litoke, tone hilo lazima lijinyooshe lipite kwenye mlango mwembamba kuliko mwili wake, na halikubali.

Linachokataa ni kuvunja umbo. Chembe za maji zinapenda kushikana zenyewe kwa zenyewe, za mafuta vivyo hivyo, na pale zinapokutana mpaka kati yao hujikaza kama ngozi ya ngoma. Mvutano huo wa mpakani ndio unaolifanya tone la mafuta juu ya bakuli la supu kuwa duara kamili; ukilisukuma kwa kijiko linabonyea, ukiliachia linarudi duara. Dondosha sabuni ya vyombo kidogo kwenye bakuli hilo (supu ikishaliwa, bila shaka) uone duara zinavyopasuka na kutawanyika. Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwa hiyo hujipanga mpakani, kichwa huku, mkia kule, na ile ngozi hulegea. Wakemia huziita kemikali zote za tabia hiyo safaktanti, ziwe za kufulia, za kusugulia sakafu au za kutolea mafuta mwambani.

Hapa tarakimu zinasaidia. Mvutano kati ya mafuta ghafi na maji kwa kawaida ni kama milinyutoni 20 hadi 30 kwa kila mita. Maji yanayosukuma ndani ya mwamba hutembea taratibu sana, yapata sentimita 30 kwa siku. Mhandisi akitaka kulitoa tone lililonaswa kwa nguvu tupu, atalazimika kuongeza msukumo kwa maelfu ya mara, na mwamba utapasuka kabla hajafika hata sehemu ndogo ya hapo. Ni ule mpira wa machinjio unaorusha maji ukutani. Njia iliyobaki ni kulegeza ngozi. Mvutano ukishushwa hadi sehemu moja ya elfu ya milinyutoni moja, yaani mara 20,000 na zaidi chini ya ulivyokuwa, tone huvutika kama uzi, hupenya mlango, hukutana na wenzake na kuanza kusafiri. Sabuni ya kawaida haifiki huko. Hushusha mvutano kwa makumi ya mara, ikatosha kwa vyombo na sakafu, lakini kwa mwamba bado. Kufika kwenye ile sehemu ya elfu kunataka mchanganyiko uliolengwa hasa kwa mafuta yale, maji yale na joto lile la mwamba ule. Ukweli huu mdogo ndio unaobeba hoja yangu yote, kwa sababu fomula ya mwamba wa wengine huwezi kuinunua ukaitumia kwako kama ilivyo.

Tazama sasa namna sabuni ya maji inavyotengenezwa mitaani, Vingunguti, Buguruni, Tandika na kwingineko. Mama mwenye biashara yake ananunua salfoniki, slesi, soda eshi, manukato na rangi. Salfoniki ni asidi nzito ya rangi ya kahawia yenye mkia wa mafuta. Anaikoroga kwenye maji, anaongeza soda eshi kidogo kidogo ili kuua asidi, kisha slesi ili povu liwe zuri. Mwisho anachukua chumvi. Chumvi ndiyo siri ya uzito: kijiko baada ya kijiko sabuni huanza kuvutika, na kila anayejua kazi hii anakwambia kuna mahali pa kusimama, kwa sababu ukizidisha chumvi sabuni inakatika na kurudi maji. Hakuna aliyemfundisha neno la kitaalamu la mahali hapo, lakini mkono wake unapajua. Mkemia wa mafuta anatafuta mahali pa namna hiyo hiyo. Katika kila mchanganyiko wa safaktanti kuna kiwango cha chumvi ambapo mvutano hushuka kabisa; pungufu yake safaktanti hupenda mno kukaa ndani ya maji, ikizidi hukimbilia ndani ya mafuta, na pande zote mbili kazi huharibika. Na kemikali zenyewe ni za ukoo mmoja. Daqing, uwanja mkubwa wa mafuta wa China uliogunduliwa 1959, umetumia kwa wingi safaktanti ambayo ni ndugu mzito wa salfoniki ya ndooni, ikiwa na mkia mrefu zaidi.

Hata soda eshi ina nafasi yake, na hapa Afrika Mashariki ina mali ambayo wengi hawaihesabu kabisa katika habari za mafuta. Mchanganyiko uliofanya kazi Daqing ni wa vitu vitatu: alikali, safaktanti na polima. Alikali ikikutana na asidi za asili zilizomo kwenye mafuta ghafi hutengeneza sabuni huko huko ndani ya mwamba, kama vile magadi makali yanavyogeuza shahamu kuwa mche wa sabuni. Tena huufunika uso wa mwamba, safaktanti ya bei isipotee kwa kugandia kwenye mchanga njiani. Polima huongeza uzito wa maji, yakawa kama uji mwepesi unaosukuma mafuta kwa pamoja badala ya kuchomoka katikati yake na kuyaacha pembeni. Alikali inayopendwa zaidi siku hizi kwa kazi hiyo ni soda eshi, yaani magadi yaliyosafishwa kwa kuchomwa. Ziwa Magadi nchini Kenya limechimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Kwetu, Shirika la Maendeleo la Taifa limekuwa likiusukuma mradi wa magadi wa Engaruka, wilayani Monduli. Tunapanga kuuza magadi kwa viwanda vya kioo na sabuni, na ni sawa, lakini mteja mwingine anaweza kuwa Hoima, kwenye mafuta ya Uganda.

Je, yote haya yamethibitika nje ya maabara? Ndiyo, kwa kiasi, na kiasi hicho kisemwe wazi. Daqing walianza majaribio ya vitu vitatu miaka ya 1990, wakaingia kwenye matumizi ya kiwanda 2014, na katika maeneo yaliyofanikiwa walipata nyongeza inayokaribia asilimia 20 ya mafuta yote yaliyokuwamo, juu ya yale ambayo maji yangeyatoa. Oman, nchi ambayo Kiswahili kinasikika mpaka ofisini kwa sababu ya familia zilizotoka Zanzibar na mwambao wetu, inatufundisha jambo jingine. Uzalishaji wake ulishuka hadi karibu mapipa 710,000 kwa siku mwaka 2007, watu wakadhani ndiyo safari ya mwisho. Kwa mvuke, gesi na polima ukapanda tena, ukavuka milioni moja kwa siku mwaka 2016. Katika uwanja wa Marmul, kusini mwa nchi, Kampuni ya Maendeleo ya Petroli ya Oman ilianza kuingiza polima kwa upana mwaka 2010, kisha ikajaribu vitu vitatu kwenye eneo dogo la uwanja huo huo. Sisemi kwamba sabuni ndiyo iliyoiokoa Oman. Mvuke na polima vilibeba mzigo mkubwa zaidi. Ninachosema ni kwamba polima ya Marmul ilikuwa imejaribiwa uwanjani humo tangu miaka ya 1980. Walipoihitaji, hawakuanzia sifuri.

Pingamizi la kwanza ni la gharama, nalo ni zito. Wazo la kutumia sabuni kutoa mafuta si jipya. Hataza ya Marekani ya mwaka 1927 ilikwisha kulieleza. Miaka ya 1970, mafuta yalipopanda bei, kampuni za Marekani zilimwaga fedha nyingi kwenye majaribio, na bei ilipoporomoka 1986 karibu yote yalifungwa. Ni kweli, na yeyote anayetaka Uganda ianze kumwaga safaktanti kesho asubuhi anaipeleka pabaya. Lakini mambo mawili yamebadilika. Michanganyiko ya zamani ilihitaji safaktanti nyingi, asilimia kadhaa ya kimiminika chote. Ya vitu vitatu hutumia karibu asilimia 0.3 au chini ya hapo, kwa kuwa alikali na polima zinasaidia. La pili ni kwamba kupima na kutumia ni vitu viwili tofauti kabisa kwa bei. Kutumia kunagharimu mamilioni ya dola na kunangoja bei nzuri ya mafuta. Kupima kunahitaji chumba, vyombo vya kioo na vijana waliosoma kemia. Anayesubiri bei ipande ndipo aanze kupima, bei hushuka tena kabla hajamaliza.

Pingamizi la pili litatoka hapa nyumbani: mafuta ni ya Uganda, sisi Tanzania tuna gesi, ya nini kujitia katikati? Jibu limelala ardhini kuanzia mpaka wa Mutukula hadi Chongoleani, Tanga. Bomba la Afrika Mashariki lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 za hizo ziko Tanzania. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lina hisa asilimia 15. Mapato ya bomba hutegemea kila pipa linalopita, na bomba hili limejengwa kupitisha hadi mapipa 246,000 kwa siku. Nyanja za mafuta hupanda, hukaa juu miaka michache, kisha hushuka, na bomba linalopashwa joto njia nzima ili mafuta yenye nta yasigande halifurahii kupitisha kiasi kidogo. Sasa piga hesabu. Asilimia moja tu ya mapipa bilioni 6.5 ni mapipa milioni 65, sawa na kulijaza bomba kwa siku 264. Tukichukua nyongeza ya asilimia tano, robo tu ya ile ya Daqing, ni mapipa milioni 325, zaidi ya miaka mitatu na nusu ya bomba lililojaa. Sitoi ahadi kwamba Tilenga, au mradi mwenzake wa Kingfisher, itafika hapo. Miamba yao si ya Daqing, na nta ni tatizo jingine ambalo safaktanti haiondoi. Lakini jambo lenye uzito huo kwa hazina ya Tanzania halistahili kuitwa la jirani.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, na Vingunguti ndiyo mwalimu wake. Sabuni iliyoondoa shahamu sakafuni haikuimaliza, imeihamisha. Maji yanayotoka machinjio yakipita kwenye shimo la kunasa mafuta bila sabuni, shahamu huelea juu, hukokotwa na kutupwa. Yakija na sabuni nyingi, shahamu imekwisha kusagika kuwa matone madogo yasiyoonana, maji yamekuwa meupe kama maziwa, na hakuna kinachoelea. Yanapita shimoni kama yalivyo, na bonde la Msimbazi liko jirani. Kwenye mafuta ghafi hali ni hiyo hiyo kwa ukubwa wa kiwanda: safaktanti ikifika kwenye kisima cha kuzalishia, kinachopanda juu mara nyingi ni maziwa mazito ya kahawia, mafuta na maji vikiwa vimeshikamana vikakataa kuachana. Daqing ilisumbuka nayo, pamoja na magamba magumu yaliyoziba pampu kwa sababu ya alikali kali, hadi wakageukia alikali nyepesi. Ziwa Albert ni riziki ya wavuvi wa Uganda na Kongo, na maji yake huendelea na Nile. Sioni namna ya kutetea safaktanti yoyote huko bila mwenye mradi kuonyesha kwanza, kwa vipimo, jinsi atakavyoyatenganisha maziwa hayo na atakavyoyarudisha maji machafu ardhini. Mamlaka ya Petroli ya Uganda ingepaswa kulidai hilo tangu kwenye ombi la jaribio, lisije likaletwa baada ya mafanikio kama kiraka.

Kuna na wale wanaosema mafuta yabaki ardhini yote, dunia inachemka. Hoja yao ina haki kamili ya kusikilizwa katika pwani ambayo mvua na joto vimebadilika. Kama Afrika Mashariki ingekuwa bado haijaamua, ningekuwa na mengi ya kuzungumza nao. Uamuzi wa kuwekeza ulitiwa saini Februari 2022, na baadhi ya visima vya Tilenga vimo ndani ya Hifadhi ya Murchison Falls. Baada ya hapo swali la kweli ni hili: pipa linalohitajika litoke wapi? Likitoka kwenye kisima kilichokwisha tobolewa, kwenye kiwanja kilichokwisha fyekwa, halihitaji barabara mpya wala fidia ya shamba jingine la muhogo. Likikosekana hapo, kishawishi kitakuwa kufungua kitalu kipya. Nakubali kwamba pipa hilo nalo litaungua na kutoa moshi ule ule, na kwamba hoja hii ni halali pale tu linapochukua nafasi ya kitalu kipya. Serikali itakayotaka kuitumia lazima ifungamanishe mambo hayo mawili kwa maandishi.

Kinachoniuma zaidi ni nafasi tuliyojipa katika biashara hii. Kanuni za Uganda za 2016 za kuwapa wenyeji sehemu zimetenga ulinzi, usafiri, chakula, malazi na kazi nyingine za namna hiyo, na orodha hiyo hiyo inataja malighafi za kuchimbia na kuzalishia zinazopatikana nchini. Mlango huo wa mwisho ndio tunaoupita bila kuugusa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma vinafundisha uhandisi wa petroli, Makerere wana wanajiolojia wao, Kigumba kuna taasisi ya petroli. Kenya wana magadi, na mafuta yao ya Lokichar, Turkana, nayo yana nta. Viwanda vya sabuni vimejaa kandokando ya Barabara ya Nyerere na Athi River. Kila mmoja ameshika kiungo kimoja cha mchuzi, na hakuna aliyewasha jiko.

Kipimo cha kwanza chenyewe ni rahisi kiasi cha kushangaza. Unachukua mirija ya kioo ishirini, myembamba, yenye alama za vipimo, iliyozibwa chini. Katika kila mmoja unatia maji ya Ziwa Albert yenye safaktanti na soda eshi, ukiongeza chumvi hatua kwa hatua, mrija wa kwanza kidogo kabisa, wa ishirini nyingi kabisa. Juu yake unamimina mafuta ya Tilenga yaliyopashwa joto mpaka nta iyeyuke. Unaziba, unapindua mara kadhaa, unaweka kwenye oveni yenye joto la mwamba, unaacha. Siku zinapita, wiki zinapita. Kwenye mirija ya mwanzo chini kutakuwa na maji ya rangi ya chai na juu mafuta. Kwenye ya mwisho safaktanti itakuwa imehamia juu yote. Mahali fulani katikati, pengine mrija wa tisa, pengine wa kumi na tatu, kama mchanganyiko umelengwa sawasawa, itatokea tabaka ya tatu kati ya maji na mafuta, yenye nusu ya huku na nusu ya kule, na ukiinamisha mrija italegea na kutiririka bila kushika ukingo. Tabaka hiyo ikionekana, mvutano umeshuka hadi pale unapotakiwa, na namba ya chumvi iliyoandikwa kwenye mrija huo ndiyo ya kupeleka kwenye kipande cha mwamba.